Dk. Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyeonya mapema kuhusu unga uliokobolewa

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KATIKA mashine za kusaga nafaka mjini Mpanda, mteja huulizwa swali moja kabla ya debe lake la mahindi kumiminwa: anataka dona au sembe? Wakazi wengi wa mjini hujibu sembe. Mahindi hukobolewa, pumba huwekwa kando kwa ajili ya mifugo, na unga mweupe hubebwa kwenda nyumbani kusongewa ugali wa jioni.

Swali hilo la mashineni, ambalo wengi hulijibu bila kufikiri, lilimshughulisha kwa zaidi ya miaka 20 daktari mmoja wa upasuaji ambaye jina lake linajulikana zaidi kwa ugonjwa wa saratani kuliko kwa chakula. Daktari huyo ni Denis Parsons Burkitt, aliyefanya kazi nchini Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966.

Alifariki dunia mwaka 1993, kabla ya Mkoa wa Katavi kuzaliwa. Hata hivyo, anayetaka kuelewa kwa nini unene uliopitiliza, kisukari na shinikizo la damu vimeanza kuzungumzwa hata katika mikoa ya pembezoni hana budi kuyarejea maisha yake.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya, lakini sifa zake zilitokana na kazi aliyoifanya wakati wa mapumziko: kuwafuatilia ndege wadogo wa bustanini, kuwavisha pete miguuni na kuchora ramani za maeneo yao.

Mtoto alirithi tabia hiyo ya kuangalia jambo mahali lilipo na kuliweka katika ramani. Miaka mingi baadaye, tabia hiyo ndiyo iliyompatia heshima duniani.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipata ajali shuleni. Jiwe lililorushwa na mwanafunzi mwenzake lilivunja miwani yake, na jicho la kulia likapoteza uwezo wa kuona. Aliishi na jicho moja maisha yake yote, na kwa jicho hilo moja akawa mpasuaji.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Wakati huo alishika kwa dhati imani ya Kikristo, akaona kwamba wito wake uko katika tiba, akahamia masomo ya udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata sifa ya juu ya upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza huko Afrika Magharibi, alikataliwa. Sababu iliyotolewa ni jicho lake. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyomfungulia njia, kwani jeshi lilimpokea na kumleta Afrika Mashariki. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, na Mungu akawajalia mabinti watatu. Vita vilipokwisha alirudi, safari hii kama daktari wa serikali nchini Uganda.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa nchi hiyo. Huko aliona jambo ambalo wengine walilipita. Ugonjwa wa busha ulikuwa mwingi kwa wanaume wa upande mmoja wa wilaya na nadra sana upande mwingine. Badala ya kuendelea tu kupasua, alijiuliza kwa nini ugonjwa uchague mahali. Swali hilo la mahali halikumtoka tena.

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Mtoto mwenye uvimbe wa taya

Mwaka 1957, daktari mwenzake wa Mulago, Hugh Trowell, alimwita wodini kumwangalia mtoto mmoja wa kiume ambaye taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Burkitt hakuwa ameona kitu kama hicho. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile.

Alirudi Kampala na kuanza kupekua majalada ya wagonjwa. Akagundua kuwa watoto wa aina hiyo walikuwa wengi, ila kila daktari alikuwa ameuona uvimbe wa kiungo kimoja na kuupa jina lake. Mwaka 1958 alichapisha matokeo yake katika jarida la upasuaji la Uingereza. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina lake.

Kisha akauliza swali lake la zamani: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Kwa fedha kidogo, zilizoanza na pauni 25, alituma vipeperushi vyenye picha na maswali katika hospitali za bara zima la Afrika. Majibu yalipofika, alichomeka pini katika ramani ukutani mwa ofisi yake.

Oktoba 1961 aliamua kwenda kujionea mwenyewe. Akiwa na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, alinunua gari kuukuu aina ya Ford la mwaka 1954 kwa pauni 250. Walisafiri kwa muda wa wiki 10 hivi, zaidi ya kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakipita Tanganyika katika miezi ileile nchi ilipokuwa ikijiandaa kupandisha bendera yake ya uhuru Desemba 9. Safari nzima iligharimu chini ya pauni 700.

Walichokipata kilikuwa ukanda. Ugonjwa ulionekana katika maeneo ya joto na mvua ya kutosha, na ulipotea katika nyanda za juu zenye baridi. Karibu na mstari wa ikweta, mpaka wake ulikuwa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ulikuwa ukanda uleule wa malaria kali. Mpanda, iliyo chini ya kimo hicho na ambayo malaria si mgeni kwake, imo ndani ya ukanda huo.

Mapema mwaka huohuo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali moja ya London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala, na mwaka 1964, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, alitangaza kuviona virusi ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Burkitt pia alijaribu dawa badala ya kisu, na baadhi ya watoto ambao zamani wangekufa ndani ya miezi michache walipona. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa kituo cha tiba kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, ambacho ndicho mwanzo wa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na familia yake walikuwa wamerudi Uingereza.

Ramani ya pili

Wengi wangetosheka na sifa hizo. Burkitt, akiwa na umri wa miaka 56, alianza kazi ya pili.

Mwaka 1967 alikutanishwa na Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza. Cleave aliamini kwamba kisukari, unene, maradhi ya moyo na matatizo ya utumbo yana mzizi mmoja: sukari na unga uliosafishwa hadi kupoteza sehemu kubwa ya asili yake. Wataalamu wengi walimpuuza. Burkitt hakumpuuza, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho Cleave hakuwa nacho, nacho ni orodha ndefu ya hospitali za vijijini barani Afrika ambazo zilikuwa zimekwisha kumzoea.

Aliziandikia tena. Safari hii hakuuliza kuhusu taya. Aliuliza ni wagonjwa wangapi wa kidoletumbo, mawe ya nyongo, bawasiri na saratani ya utumbo mpana wanaoonekana kwa mwaka. Majibu yalifanana: maradhi yaliyojaza wodi za London yalikuwa nadra sana vijijini Afrika.

Yeye mwenyewe alikumbuka miaka yake 20 ya upasuaji Uganda. Katika kipindi hicho chote, magonjwa hayo hayakuwa sehemu ya kazi yake ya kila siku. Mwenzake Trowell naye alikuwa na kumbukumbu kama hizo. Mwaka 1956, Trowell na daktari mwingine waliona inafaa kuchapisha habari za mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo, kwa kuwa tukio lenyewe lilikuwa la nadra.

Burkitt alishirikiana na mtafiti wa Afrika Kusini, Alec Walker, na daktari wa upasuaji Neil Painter, katika uchunguzi ambao wengi waliuona wa aibu. Walipima uzito wa kinyesi na muda ambao chakula hukaa tumboni. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 1972 yalionyesha kuwa mabaharia wa Uingereza walitoa wastani wa gramu 100 hivi kwa siku, na chakula kilikaa zaidi ya siku tatu. Kwa wanakijiji wa Uganda, uzito ulizidi gramu 400, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi.

Tofauti, kwa maoni yake, ilitokana na nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe nchini huziita makapimlo. Ni sehemu ya mmea ambayo mwili hauwezi kuimeng'enya: ganda la punje, ngozi ya maharage, nyama ya tunda, jani la mboga. Kwa muda mrefu vitabu vya lishe viliihesabu kuwa takataka, na viwanda viliiondoa kama takataka.

Kuhusu unene, hoja yake na ya wenzake ilikuwa rahisi kueleweka. Chakula chenye makapimlo hutafunwa kwa muda, hujaza tumbo mapema na hutoa sukari yake polepole. Chakula kilichoondolewa makapimlo humezwa haraka, na mlaji hupokea nguvu nyingi kabla tumbo halijatoa taarifa ya kushiba. Soda, ambayo haina makapimlo kabisa, hupita bila hata taarifa hiyo.

Mwaka 1975, Burkitt na Trowell, ambaye wakati huo alikuwa kasisi, walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyosafishwa na magonjwa. Mwaka 1979 Burkitt aliandika kitabu kidogo kwa wasomaji wa kawaida, kilichotafsiriwa katika lugha kadhaa. Alizunguka nchi nyingi akihutubia. Katika mihadhara yake alizoea kuonyesha mchoro wa watu wanaodeki kwa bidii sakafu iliyofurika maji, huku bomba lililoko juu yao likiendelea kutiririka bila mtu wa kulifunga.

Hoja zilizopingwa

Haki ya msomaji ni kuambiwa pia kwamba Burkitt hakukubaliwa na wote, na kwamba wapinzani wake hawakuwa wajinga. Hospitali za vijijini hazikuwa na vipimo vya kutosha, na wagonjwa wengi hawakufika huko kabisa. Wanakijiji wengi walifariki kwa maradhi ya kuambukiza kabla ya kufikia umri ambao saratani ya utumbo hujitokeza. Isitoshe, mkulima wa Uganda hakutofautiana na karani wa London kwa makapimlo pekee. Alitembea zaidi, alilima kwa mkono, alikula nyama na mafuta kidogo.

Baadhi ya majaribio yaliyofuata hayakumpa ushindi aliotarajia. Lakini uzito wa ushahidi kwa jumla umeelemea upande wake. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuagiza, ulionyesha kuwa watu wanaokula makapimlo mengi hufariki mapema kwa kiwango cha chini kwa asilimia 15 hadi 30, ikilinganishwa na wanaokula kidogo sana. Mwaka 2023, WHO ilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapimlo kwa siku, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda.

Mwaka 2015, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio ambalo Burkitt angelifurahia. Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini walibadilishana mlo kwa wiki mbili. Kwa muda huo mfupi tu, dalili za hatari katika utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanakijiji.

Kile ambacho Burkitt alikiona kama tatizo la Ulaya na Marekani sasa ni cha wote. WHO inakadiria kuwa mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani aliishi na unene uliopitiliza, na kwamba kiwango hicho kwa watu wazima kimeongezeka zaidi ya mara mbili tangu mwaka 1990.

Tanzania haimo pembeni. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa asilimia 26 walikuwa na uzito uliozidi, karibu idadi hiyohiyo walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Kwa wanawake wa umri wa kuzaa, waliokuwa na uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 28 mwaka 2015/16. Kufikia mwaka 2022 walikuwa asilimia 36.

Katavi njia panda

Katavi ilimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya laki tano mkoani hapa. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni moja. Mji ambao zamani ulijulikana kwa machimbo ya madini ya risasi na kwa kuwa mwisho wa reli inayotoka Kaliua sasa una barabara za lami, bodaboda kila kona na maduka yaliyojaa soda na biskuti.

Hayo ni maendeleo, na hakuna anayetaka kuyarudisha nyuma. Lakini huja na mabadiliko ya mwili. Aliyekuwa akitembea kilomita tano kwenda shambani sasa hupanda pikipiki kwenda dukani. Chipsi zimechukua nafasi ya viazi vya kuchemsha, na kitambi bado huonwa na wengi kuwa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Ugumu wa mikoa ya magharibi ni kwamba njaa ya zamani haijaondoka. Mwaka 2022, watoto watatu kati ya kila kumi wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, na katika Mkoa jirani wa Rukwa walikaribia nusu. Nyumba moja inaweza kuwa na mtoto aliyedumaa na mama mwenye unene. Wote wawili wanakula kutoka sufuria moja, na sufuria hiyo mara nyingi ina ugali mweupe mwingi na mboga kidogo.

Ndiyo maana swali la mashineni lina uzito. Punje ya mahindi inapokobolewa, haipotezi makapimlo peke yake. Kiini chake, chenye mafuta, vitamini na madini, nacho huenda na pumba. Sheria ya kuongeza virutubishi katika unga imewalenga zaidi wasagaji wakubwa. Mashine ndogo za mitaani, ambako wananchi wengi husaga, si rahisi kufikiwa.

Hata dona ina sharti lake. Mahindi yaliyovunwa na unyevu na kuhifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo hukaa zaidi katika sehemu za punje zinazoondolewa kwa kukoboa. Anayechagua dona anapaswa kwanza kukausha na kuchambua mahindi yake.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mlo aliousifu Burkitt si wa kuagiza kutoka ng'ambo. Katavi inalima mahindi, maharage, karanga, viazi vitamu na mihogo. Kisamvu na matembele vinapatikana kwa bei ndogo, na dagaa na migebuka hutoka Ziwa Tanganyika, kwenye mialo ya Karema na Ikola. Kinachotishia mlo huo si uhaba tu, bali pia imani kwamba chakula cha bibi ni cha kimaskini.

Burkitt alichaguliwa mwaka 1972 kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza, heshima ambayo madaktari wachache wa vituo vya mbali waliwahi kuipata. Alistaafu utumishi wa utafiti mwaka 1976 lakini hakuacha kuzungumza. Alifariki Machi 23, 1993 nchini Uingereza, akiwa na umri wa miaka 82.

Maarifa yake ya pili aliyachukua kwa watu wa vijijini Afrika Mashariki, akawapelekea Wazungu waliokuwa wakiugua kwa kula vizuri. Leo Mzungu wa London anayejali afya yake hulipa zaidi kununua mkate wa ngano isiyokobolewa. Mkazi wa Mpanda hulipia kukobolewa mahindi yake, kisha huziacha pumba mashineni.